Watoto Saba, Bahasha Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na mama wa watoto saba akipewa dakika ishirini za kusema bila kukatizwa huwa hajui hata aanzie wapi.

Saba, ndiyo, na hakuna hata mmoja niliyemzaa; wote tumewaasili, yaani ni watoto wetu kwa amri ya mahakama. Mimi na mume wangu ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi wenu mnatuita Wamormoni. Mwaka 2018 Russell M. Nelson, aliyekuwa rais wa kanisa, alihimiza litumike jina kamili, lakini leo sitamsahihisha mtu, tutakesha hapa.

Swali la kwanza huwa ni tunawamudu vipi. Kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, na kwa kuchoka. Wakubwa wanawaogesha wadogo, viatu vinarithiwa, bafuni kuna foleni. Hilo halina siri. Naomba niende kwenye lile ambalo sikuambiwa na mtu.

Katika imani yetu familia haikomi kaburini. Mume na mke wanaunganishwa hekaluni kwa milele, na mtoto wao atakayezaliwa baada ya hapo tunasema kazaliwa katika agano. Huyo hahitaji ibada nyingine ya kumuunganisha na wazazi wake. Mtoto wa kuasili anaihitaji. Kwanza mahakama imalize kazi yake yote, ndipo anapelekwa hekaluni, na akishaunganishwa nanyi anahesabiwa sawasawa na yule aliyezaliwa katika agano. Si mtoto wa daraja la pili.

Watoto wetu watatu wa kwanza ni ndugu wa tumbo moja. Siku yao ilipofika waliletwa chumbani wamevaa nyeupe tupu, kuanzia soksi hadi utepe wa nywele. Tukapiga magoti kuizunguka madhabahu. Maneno ya ibada hatuyatamki nje ya hekalu, kwa hiyo msiniulize. Lakini chumba kile kina vioo kwenye kuta zinazotazamana, kila kioo kinarudisha picha ya mwenzake, na mwisho wake huuoni. Binti yetu wa katikati, miaka mitano, akatupia jicho kiooni, akanong'ona kwa ule mnong'ono wa watoto unaosikika mpaka nje: "Mama, mbona tumekuwa wengi hivi?"

Dakika chache tu, tukawa tumemaliza.

Nami nilitoka pale nikiamini kazi imekwisha. Picha ya mama yao mzazi, waliyokuja nayo, niliitia kwenye bahasha, bahasha nikaiweka juu ya kabati. Nilijiambia siifichi, naitunza. Kabati lenyewe ni refu, hata mimi siifikii bila kiti.

Miaka minne baadaye binti yule yule alirudi kutoka darasa la Jumapili. Mwalimu wao, mtu mwema kabisa, alikuwa amewaambia kwamba Mungu humfikisha kila mtoto kwenye familia aliyokusudiwa, hata ikibidi apitie tumbo la mtu mwingine. Maneno hayo nimewahi kuyasema mwenyewe, tena mimbarani. Mtoto akavua viatu, akavipanga pembeni ya mlango, akaniuliza: "Kwa hiyo mama yangu alikuwa njia tu?"

Nilivuta kiti, nikapanda.

Hakuna fundisho letu linalomtaka mtoto amsahau aliyemzaa. Ile bahasha ilikuwa woga wangu, nikauvika joho la dini. Tena historia ya kanisa ingeweza kunifundisha mapema. Katika miaka ya 1840 waumini wetu wa mwanzo walikuwa na desturi waliyoiita sheria ya kuasili: mtu mzima na akili zake anaunganishwa kama mwana kwa kiongozi wa kanisa, mfano Brigham Young, na baba yake aliyemzaa anabaki kando. Mwaka 1894 rais Wilford Woodruff akaikomesha. Akawaambia watu wawatafute wazazi wao wenyewe, na wazazi wa wazazi wao, warudi nyuma kadiri watakavyoweza. Mwaka huo huo ikaundwa Utah, Marekani, jumuiya ya kutafiti nasaba, na ndiyo mzizi wa FamilySearch ya leo, huduma ya kanisa ya mtandaoni ya kutafuta mababu. Sasa mtoto wa kuasili anakulia katikati ya watu kama hao, watu wanaosafiri mbali kutafuta jina moja la babu wa babu. Utamwambiaje yeye peke yake asiulize?

Mkubwa wetu alipofika miaka kumi na miwili alikaa kwenye kompyuta kujaza mti wake wa familia. Programu ya FamilySearch inakubali mtoto awe na wazazi zaidi ya jozi moja, na kila uhusiano unauandikia aina yake: wa kuzaa, wa kuasili, wa kulea. Akaniuliza aanzie upande gani. Nikamwambia aanzie anapopajua. Akaandika jina la mama yake mzazi, kisha akanigeukia: na bibi, mama yake mama, aliitwa nani? Sikujua. Nilikuwa na miaka mitano ya kuuliza, na sikuuliza.

Wala si mimi wa kwanza. Kuanzia 1954 kanisa liliendesha rasmi mpango wa kuwapeleka watoto wa wenyeji asilia wa Marekani, wengi wao Wanavajo, wakae na familia za waumini wakati wa masomo. Hawakuwa wameasiliwa, shule ikifungwa walirudi kwao. Mpango ulifungwa 1996. Wapo waliotoka humo wakishukuru, na wapo waliosema waliporudi nyumbani walijikuta wageni. Wengi wa waliowapokea walikuwa watu wema. Wema huo ndio unaonitia hofu, maana naujua, ninao.

Kabla sijasahau, wale mnaofikiria kumwendea askofu: hana orodha ya watoto. Shirika la kanisa la huduma za familia liliacha kazi ya uwakala wa kuasilisha mwaka 2014. Nendeni kwa wenye leseni, na msome kila karatasi.

Jumatatu usiku tuna jioni ya familia, desturi iliyohimizwa tangu 1915, enzi za rais wa kanisa Joseph F. Smith. Wimbo, sala, somo, mchezo, ugomvi. Kelele ni za sokoni, na mtoto mkimya anaweza kupotea humo mwezi mzima bila wewe kugundua. Ndiyo maana kila shule inapokaribia kufunguliwa, mume wangu anamwita mmoja mmoja, anamkalisha kitini, anamwekea mikono kichwani na kumbariki. Baraka ya baba huanza kwa kumtaja mtoto jina lake kamili.

Kijana wetu wa nne alikuja na jina la ukoo wake. Mahakamani tuliomba libaki, likawekwa katikati. Mwaka jana ilipofika zamu yake, baba yake alikuwa amechoka, keshawabariki watatu. Akataja majina, akaingia kwenye baraka. Mtoto akiwa bado kafumba macho akainua kidole kutoka chini ya ile mikono mikubwa: "Baba, umeruka moja."

Mume wangu akaondoa mikono, akavuta pumzi, akairudisha, akaanza upya.