Mchezo wa Bia: Kreti Nne, Kreti Nane

JUMA: Karibuni tena. Michezo ya kufundishia ni mingi, leo tushike mmoja tu: ule wa usambazaji wa bia, uliobuniwa MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, miaka ya 1960. Dada Rehema, meza inapangwaje?

REHEMA: Vituo vinne kwa mstari: muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji, kiwanda. Kila kituo kinaanza na kreti 12 stoo. Oda zinapanda kuelekea kiwandani, mzigo unashuka, na njiani kuna kuchelewa kwa wiki kadhaa. Wiki hapa ni mzunguko mmoja wa mchezo. Kreti ikilala stoo unatozwa nusu dola kwa wiki. Ukidaiwa kreti, dola nzima.

JUMA: Na kuongea marufuku.

REHEMA: Marufuku, ni vikaratasi vya oda tu. Kadi za wateja anazifunua wa rejareja peke yake: kreti 4 kila wiki, kisha wiki ya tano zinakuwa 8, na zinabaki 8 mpaka mwisho.

JUMA: Badiliko moja tu!

REHEMA: Moja. Lakini kule kiwandani oda zinaweza kuvuka 30, halafu zikaanguka hadi sifuri. Mtu anaona stoo tupu, anaagiza. Mzigo haujafika, anaagiza tena. Ule ulio njiani keshausahau.

JUMA: Mchezo wenyewe unaharibikia wapi?

REHEMA: Kwenye hesabu. Kila wiki hatua ni zilezile, na wote wazifanye pamoja: pokea mzigo, timiza oda, andika baki, sogeza oda, agiza. Kituo kimoja kikiruka hatua, kreti zinapotea na hakuna atakayejua zilipotelea wapi. Kwa hiyo mwezeshaji aziite hatua kwa sauti, na wiki za mwanzo wote waagize 4 mpaka mikono izoee. Halafu usitaje mwisho wa kweli. Watangazie wiki 50, simamisha karibu na 36. Wakiujua mwisho, wanaacha kuagiza ili wafunge na stoo tupu.

JUMA: Mimi nina ugomvi na wanaocheza saa mbili, mjadala dakika kumi.

REHEMA: Hao wamefanya burudani, kaka. Mjadala upewe muda wake, hata kama ni kupunguza wiki za kucheza. Na kabla hujafunua kadi, kila mtu isipokuwa wa rejareja achore anavyodhani wateja waliagiza. Wengi huchora mawimbi. Ndipo uwaonyeshe: 4, halafu 8, basi.

JUMA: Hapo lawama zinaanza. “Ni wewe wa jumla!”

REHEMA: Waache walaumiane kidogo, kisha bandika grafu za meza zote ukutani. Watu tofauti, umbo lilelile. Sasa uliza: tubadilishe nini, taarifa, ucheleweshaji, au kanuni ya kuagiza? Muda ukiruhusu, rudieni raundi fupi kadi za wateja zikiwa wazi kwa vituo vyote, mlinganishe gharama.