Saa Iliyoinuliwa Sentimita 33

Walionisikia kabla ya leo wanivumilie, maana nitalirudia: saa ya atomi haikutengenezwa ili usichelewe kikaoni. Ni kihisi. Mwaka 2010, watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango huko Boulder, Marekani, walikuwa na saa mbili zinazotumia ioni (atomi zenye chaji ya umeme) za alumini. Wakainua moja kwa sentimita 33 hivi. Ile ya juu ikaanza kwenda kasi kuliko mwenzake. Kwa kiasi gani? Ukiziacha hivyo miaka 79, zitapishana kwa nanosekunde 90 hivi. Wao waliipima.

Hapa sikosi mtu wa kusema: “Labda kuinuliwa kumeiharibu.” Kumeharibu nini, ndugu yangu? Hakuna gia wala springi. Pigo lake ni elektroni kuruka kati ya viwango viwili vya nishati, na leza inarekebishwa mpaka masafa yake yalingane na mruko huo. Kweli, joto na sumaku huisumbua, ndiyo maana wapimaji humtafuta mchawi nyumbani kwanza, miezi na miezi. Wakishammaliza, kinachobaki ni muda wenyewe: karibu na Dunia unakwenda polepole, kama Einstein alivyotabiri. Mwaka 2022 watafiti wa maabara ya JILA, huko huko Boulder, wakaiona tofauti hiyo ndani ya atomi za strontiamu zilizorundikwa kwa kimo cha milimita moja tu. Milimita, jamani!

Wenzangu wa mashine kubwa za kugonganisha chembe hunicheka na vidude vyangu vya mezani. Sawa, chembe nzito zitafuteni huko kwenu. Lakini huenda maada ya giza, ile isiyoonekana ila uvutano wake unajulikana, ni nyepesi mno, inapita kama wimbi na kuzitikisa kidogo zile namba za asili tunazoziita zisizobadilika, kama nguvu ya umeme ndani ya atomi. Utaigonganisha na nini? Linganisha saa za atomi mbili tofauti, uone kama uwiano wao unayumba. Tofauti, nasisitiza: zikiwa za aina moja, mahali pamoja, zitayumba pamoja, nawe hutaona kitu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa yake, ya mkononi. Basi haraka, vihisi vingine: LIGO, mitambo ya Marekani inayonasa mawimbi ya uvutano, tangu 2019 inatumia mwanga “uliobanwa”, yaani uliopunguzwa mtetemo wa bahati nasibu, ili kupunguza kelele ya kwantamu, hivyo inayasikia mawimbi hayo kutoka mbali zaidi. Na elektroni, iliyochunguzwa kwa molekuli zilizonaswa, hadi 2023 haijaonyesha chaji yake ya umeme kuegemea upande wowote. Nadharia kadhaa zilizotaka iegemee sasa zina kazi ya kujieleza.