Kuchanja Mkate Kabla ya Kuuoka: Mhadhara kwa Waokaji wa Nyumbani

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika. Jambo nitakalolizungumzia leo huchukua muda mfupi kuliko kazi nyingine yoyote katika utengenezaji wa mkate. Unga hukandwa kwa dakika kadhaa, donge huumuka kwa saa nyingi, na kuoka huchukua dakika 40 au zaidi. Lakini kuchanja, yaani kupitisha wembe juu ya donge kabla halijaingia katika tanuri, hakuzidi pumzi moja. Pamoja na ufupi huo, hapo ndipo wengi wetu tunaooka nyumbani hukwama, na nadhani sababu ni kwamba tulizoea kuuona mchanjo kuwa pambo. Mimi siuoni hivyo. Mkate ulioumuka vizuri, ukikutana na moto mkali, utapasuka tu. Anachokifanya mwokaji kwa wembe wake ni kuuchagulia mahali pa kupasukia.

Tuanze na yanayotokea ndani ya tanuri, maana asiyeyaelewa hayo atabaki kuiga mikono ya watu. Donge linapoingia katika joto la nyuzi 230 hadi 250 za Selsiasi, hewa ya ukaa iliyozalishwa na hamira hutanuka, na ile iliyokuwa imeyeyuka katika maji ya donge hutoka na kujiunga na mapovu. Hamira yenyewe, kwa kuchangamshwa na joto, hufanya kazi kwa kasi mpaka inapokufa donge linapokaribia nyuzi 60. Maji nayo yanageuka mvuke. Nguvu zote hizo husukuma kwa pamoja kutoka ndani, na mkate huinuka sana katika dakika 10 hadi 15 za kwanza. Wakati huohuo ngozi ya juu, ambayo ndiyo inayopigwa na joto mwanzo, inakauka na kukakamaa. Basi ndani kunasukuma na nje kunazuia. Pasipokuwa na mchanjo, msukumo huo hutafuta penye udhaifu, na mara nyingi udhaifu uko ubavuni au chini, pale mshono ulipofungwa vibaya wakati wa kuunda donge. Ndiyo maana mkate usiochanjwa aghalabu hutumbuka upande mmoja, huku upande wa pili ukiwa umebanwa na nyama yake ya ndani imeshikamana.

Hapa sina budi kuutaja mvuke, kwa kuwa mchanjo hauwezi kufanya kazi peke yake. Mvuke ukiwepo katika dakika za mwanzo, hutua juu ya donge ambalo bado lina ubaridi, hugeuka maji, na kuifanya ngozi ibaki laini kwa muda mrefu zaidi. Katika tanuri kavu mchanjo huganda kabla haujafunguka. Kwa nyumbani, njia ninayoiamini kuliko zote ni kuoka ndani ya sufuria nzito ya chuma yenye mfuniko, iliyopashwa moto vizuri kwanza: unyevu unaotoka katika donge lenyewe hubaki ndani ya sufuria, na baada ya dakika 20 hivi mfuniko huondolewa ili gamba lipate rangi.

Sasa tuje kwenye wembe. Ninasema wembe nikimaanisha wembe hasa, ule mwembamba wa kunyolea, uliofungwa kwenye mpini au kijiti ili vidole viwe mbali na makali. Kisu cha jikoni, hata kilichonolewa, mara nyingi ni kinene mno. Huivuta ngozi ya donge badala ya kuikata, na huacha kovu lenye mikunjo. Wembe ukishakuwa butu utupwe mahali salama.

Lililo zito zaidi ni pembe, na naomba tukae hapo kidogo. Ukiushika wembe wima, yaani nyuzi 90 kutoka kwenye ngozi ya donge, mchanjo hufunguka sawasawa pande zote mbili na kuacha mfereji mpana ulio wazi. Ukiulaza hadi nyuzi 30 hivi, wembe unapita chini ya ngozi na kutengeneza ulimi mwembamba ulioshikwa upande mmoja tu. Mkate unapoinuka, ulimi huo unanyanyuka, ukingo wake unakauka na kuungua kidogo, na ndio ule ukingo mkavu uliosimama ambao waokaji huuita sikio. Watu hulipenda sikio kwa uzuri wake, lakini lina kazi pia: ulimi ule hulifunika donge laini lililo chini yake, likachelewa kukauka, na hivyo mkate ukapata muda zaidi wa kupanda. Ulimi ukiwa mnene mno hulemewa na uzito wake ukarudi kulala. Ukiwa mwembamba mno huungua kabla ya wakati. Kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja kinatosha kwa mikate mingi.

Niseme yaliyonipata mimi mwenyewe. Kwa miezi mingi nilichanja kwa woga. Nilikuwa nimelea donge tangu jana yake, na kulitia wembe kulikuwa kama kuliharibu. Basi nilikwaruza juu juu, nikarudia mstari uleule mara ya pili na ya tatu, na kila nikirudia wembe ulipita njia yake tofauti kidogo. Mikate ile ilitoka na michubuko mingi isiyofunguka hata mmoja, na ikapasuka ubavuni. Kilichonibadilisha ni kuuacha mkono uongozwe na kiwiko badala ya vidole. Vidole vikiongoza, wembe husitasita. Kiwiko kikiongoza, mstari hutoka mmoja, wa haraka, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kulowesha wembe maji kabla ya kila mchanjo nako kunasaidia, hasa donge likiwa lenye kunata.

Hata hivyo, mkono mzuri hauwezi kuliokoa donge ambalo mwenyewe hakulisoma. Bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi upesi, donge bado halijaumuka vya kutosha. Lina nguvu nyingi zilizobaki, na hilo lichanjwe kwa kina zaidi, la sivyo litajipasulia lenyewe. Shimo likirudi polepole na kubaki alama ndogo, wakati umewadia. Shimo lisiporudi kabisa, donge limeumuka kupita kiasi na nyuzinyuzi za ndani zinazolishikilia zimechoka; ukilichanja kwa kina litanywea mbele ya macho yako, kwa hiyo liguse juu juu tu au uliache. Kwa sababu hiyo mimi huuona mchanjo kuwa cheti cha kazi yote iliyotangulia. Mstari usipofunguka, usiulaumu wembe kabla hujauliza donge liliumuka kwa saa ngapi, na ngozi yake ilikazwa kiasi gani lilipoundwa.

Donge lenye maji mengi, tuseme gramu 800 za maji kwa kilo moja ya unga, huwatesa sana wanaoanza, kwa sababu hutambaa mara tu linapotolewa kwenye kikapu linamoumukia. Anza na gramu 650, na ulilaze donge katika jokofu usiku kucha, kwenye nyuzi 4 hivi. Ubaridi huikaza ngozi, wembe ukapita bila kung'ang'aniwa. Unga wa mchele ukipakwa juu kwa wepesi hukausha unyevu na kuifanya mistari ionekane vizuri baada ya kuoka.

Kuhusu michoro sitasema mengi. Mkate wa mviringo hupokea msalaba au mraba vizuri. Wa mviringo mrefu unatosheka na mstari mmoja uliopindishwa kidogo kando ya katikati. Na ile mirefu na myembamba ya Kifaransa, bageti, huchanjwa mistari inayokaribia kulala sambamba na urefu wake, kila mmoja ukipishana na uliotangulia kwa theluthi moja hivi. Mikate iliyogeuka makaa katika miji ya kale ya Pompeii na Herculaneum, nchini Italia, mlima wa volkano wa Vesuvius ulipolipuka mwaka 79, nayo ina mistari iliyoigawa katika vipande, mara nyingi vinane. Sura yake inaonyesha ilikusudiwa kumegwa. Majani na masuke ya ngano yanayochorwa siku hizi ni mazuri, nami huyapenda, ila yachorwe kwa kina kidogo, na pembeni pawepo mchanjo mmoja wa kina unaobeba kazi. Kwa mikate yenu kumi ijayo, nawasihi mchanje mstari mmoja tu, uleule, mpaka muweze kutambua ni kipi kilichobadilika: mkono, pembe, au donge.

Donge la kwanza limetolewa kwenye jokofu dakika tatu zilizopita, na sufuria imeshapata moto. Naomba tusogee mezani kabla ngozi yake haijaanza kulegea.