Macho ya Helmeti

Wa nyuma mnanisikia? Nikiivaa hii sauti itatoka kama niko ndani ya pipa, kwa hiyo naivaa mara moja tu. Haya. Mnayaona macho yangu? Hamyaoni. Mimi nakuona vizuri, wewe wa shati la njano, unatafuna. Endelea tu.

Naivua, joto.

Kila nikionyesha helmeti hii ya maonyesho naulizwa: plastiki ya macho umenunua wapi? Hilo liwe swali la mwisho. La kwanza ni mwanga uko upande gani. Kumbukeni pazia jepesi la dirishani. Mchana, wewe uliye ndani unamwona muuza mboga akipita, yeye hakuoni. Saa moja usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: mtaa mzima unaona ulivyojilaza kwenye kochi, na wewe huuoni hata mwembe ulio hatua tatu. Pazia ni lilelile, mwanga ndio umehama. Basi lenzi, yaani hiyo plastiki ya macho ya helmeti, ni pazia hilo.

Kwa hiyo kabla hujagusa lenzi, paka ndani ya helmeti rangi nyeusi isiyong'aa. Mimi naongeza kitambaa cheusi kuzunguka macho, kiguse kabisa mashavu, ili mwanga usiingie kwa chini. Vijana wananiletea helmeti nyeupe pe ndani, wanalalamika tinti, ile karatasi ya giza ya kubandika, haifichi. Wanabandika ya pili, wanabandika ya tatu, mwisho wake mtu kajifunga kitambaa machoni kwa hela yake mwenyewe.

Tukiwa kwenye tinti: ile ya magari inauzwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ni mwanga unaopita, si giza. 5 ni nyeusi tii, 20 ni ya kati, 35 na 50 ni nyepesi. Ukimwambia fundi nataka kali sana, nipe 50, atakutazama mara mbili. Mwombe vipande alivyotupa chini ya meza, lenzi mbili hazihitaji zaidi ya kiganja. Unabandika kwa maji yenye tone la sabuni, unasukuma maji nje kwa kadi ya simu ya zamani. Kwa lenzi bapa, au iliyopinda upande mmoja kama bomba lililopasuliwa, 20 inatosha. Lakini lenzi iliyovimba kama yai, tinti haiikubali. Itajikunja pembeni hata uibembeleze vipi.

Hapo ndipo tunaikaribisha chupa ya soda ya lita 2.

Plastiki ya chupa ile ilivutwa na kupulizwa kiwandani ikiwa moto, na mvuto huo umebaki ndani yake. Ukiipasha tena kupita kama nyuzi 80 inataka kurudi ilikotoka: inasinyaa. Wengi wakiona inasinyaa wanaitupa. Sisi tunausubiri huo usinyaaji. Chonga umbo la jicho kwa mti laini, au limimine kwa jipsamu ya dari, likauke kabisa, kwa sababu unyevu ukipata moto unakuwa mvuke na mvuke unaacha mapovu. Lipige msasa mpaka lilainike kama sabuni iliyotumika. Mkwaruzo wowote utaukuta kwenye lenzi. Kata kitako cha chupa, ingiza umbo, na libane vizuri. Nafasi ikiwa kubwa plastiki itasinyaa kwa mikunjo. Kipenyo cha chupa ni kama sentimita 10, kwa hiyo jicho kubwa kuliko hapo tafuta njia nyingine.

Sasa blowa, ile ya hewa moto ya mafundi simu. Zungusha chupa polepole, usisimame mahali pamoja. Utaona plastiki inajivuta na kulikumbatia umbo, na hata mimi baada ya miaka yote hii bado napenda kutazama. Ukizidisha moto inakuwa nyeupe kama maziwa, na hairudi tena. Iache ipoe ikiwa juu ya umbo, ndipo ukate, ukibakiza ukingo wa sentimita moja wa kushikia. Mkiipata chupa ya kijani au ya kahawia, rangi mmeshapewa bure.

Usijaribu hivi na bomba la maji la plastiki. Lile likiungua linatoa moshi wa asidi unaokwangua mapafu.

Perspeksi, ile plastiki ngumu kama kioo ya mafundi mabango, ni nzuri kwa lenzi bapa: kwaruza mstari, vunja. Msiisafishe kwa spiriti, inaanza nyufa ndogondogo. Maji na sabuni tu.

Kuna aliyeniletea kioo cha kuchomelea, namba 10. Kioo kile kimetengenezwa kutazama moto wa umeme. Kwenye mwanga wa kawaida ni ukuta. Tena kikivunjika, vipande viko jirani na mboni.

Gundi. Supagluu inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya plastiki, na lenzi uliyoihangaikia siku nzima inaharibika usiku mmoja ukiwa umelala. Tumia silikoni kwenye ukingo, au velkro, maana kuna siku utataka kuitoa uisafishe.

Pumzi nayo. Nje kwenye jua haikusumbui sana. Ukiingia ukumbi wenye kiyoyozi lenzi inapoa, pumzi yako inagongana nayo, unabaki kwenye ukungu wa Lushoto. Paka tone la sabuni ya vyombo upande wa ndani, futa kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae, usisuuze. Toboa matundu chini ya kidevu na kisogoni, na ukiweza weka feni ndogo ya volti 5 inayotumia pawabenki.

Mimi haya niliyajua kwa kuanguka. Onyesho langu la kwanza niliijaribu helmeti uani saa sita mchana, nikaona kila kitu. Usiku jukwaani taa zikazimwa, ngazi zikapotea, nikatua mapajani mwa mzee mmoja wa safu ya mbele. Alinisaidia kuvua helmeti, akauliza kwa upole kama ndani mna mtu.

Ndiyo maana leo tutajaribu lenzi zenu kwenye ile korido ya nyuma, balbu imezimwa, na mtu wa kuwashika mkono. Nani kaja na chupa? Niletee na waya wa blowa, tuanze na wewe wa shati la njano.