Kanga moja, jina moja: hesabu ya biashara ya foronya nikiwa Uingereza

Habari zenu, ndugu zangu. Wa Dar, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, na nyie tulio pamoja huku kwenye baridi, karibuni.

Leo naongea kwa sababu ya swali moja lisilokauka kwenye maoni: "Dada, hiyo biashara ya kushona vitu vya kanga nyumbani inalipa? Na mimi nianze?" Nikijibu inalipa, naambiwa najigamba. Nikijibu ina kazi, naambiwa nawabania riziki wenzangu. Basi leo naweka hesabu mezani, kila mtu aipige mwenyewe. Kushona sifundishi, humu ndani kuna mafundi wanaonizidi. Na kufungua duka la mtandaoni mnajua. Nitasema yale yanayomkwamisha mtu, tena ya hapa Uingereza tu. Wa Oman na wa Marekani, sheria zenu ni nyingine.

Cherehani baadaye, kwanza viza. Mwenye viza ya mwanafunzi hapa haruhusiwi kujiajiri, hata kwa saa moja. Zile saa 20 kwa wiki mnazozisikia ni za kuajiriwa. Ukiuza foronya mbili mtandaoni umejiajiri, na hiyo ni kuvunja masharti ya viza. Mdogo wangu unayeniandikia kila wiki kwamba uko chuo na cherehani umeshanunua, nakuomba uishonee nguo zako mwenyewe hadi viza ibadilike. Wengine wote, chukua barua yako ya viza usome masharti neno kwa neno. Usimwulize shemeji wala kundi la WhatsApp.

La pili ni mzigo. Mtu anatoka likizo Dar na kanga 30 kwenye begi, anapita forodhani kana kwamba ni zawadi. Kile kiwango cha pauni 390 cha msafiri ni cha vitu vyako na zawadi. Kitu cha kuuza hakimo humo, hata kiwe kimoja, lazima ukitangaze. Ukiagiza mzigo wa biashara utahitaji namba ya EORI, ile ya kukutambulisha forodhani, inapatikana bure, na VAT ya asilimia 20 utailipa. Ushuru ndio una nafuu: tangu Juni 2023 Uingereza ina mpango wa nchi zinazoendelea, na bidhaa ya Tanzania inaweza kuingia bila ushuru. Lakini sikilizeni vizuri: bidhaa ya Tanzania maana yake imetengenezwa Tanzania. Kanga iliyochapwa India ikauzwa Kariakoo ni ya India, hata muuzaji awe mzaramo wa Kisarawe. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara nguo ni ya nyuzi gani na imetengenezwa nchi gani. Wengi hawapendi kuandika. Hapo ndipo makaratasi yanaponichosha kuliko kushona, na nasema hivyo bila kulalamika, nataka mjue wiki zinakwenda wapi.

Sasa nguo yenyewe. Sheria ya hapa inataka bidhaa ya nguo iwe na lebo inayosema ni ya nyuzi gani. Huwezi kuandika "pamba 100%" kwa sababu muuzaji alikuapia. Kanga nyingi sokoni sasa zina poliyesta. Chomoa uzi mmoja wa urefu na mmoja wa upana, maana wakati mwingine upande mmoja ni pamba na mwingine siyo. Shika kwa kibanio juu ya sahani, karibu na sinki, uwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inanukia karatasi, na majivu yake ukiyagusa yanapukutika. Poliyesta inajikunja, inayeyuka, na inaacha kidonge cheusi kigumu kama ushanga. Ukipata majivu na kidonge pamoja, nguo imechanganywa. Hiyo usiibatize pamba. Kipimo hiki kinakuambia kipi si pamba tupu, lakini hakikupi asilimia. Ya mchanganyiko, bila karatasi ya kiwandani, usiiuze.

Halafu kufua. Kanga mpya ina ule ugumu wa wanga, na ikifuliwa inarudi, yaani inapungua kipimo. Kata kabla ya kufua, na mteja wako atakuwa na foronya iliyobana mto kama soksi. Mimi nasema fua kwa nyuzi joto 40, kisha kwenye lebo andika 30. Kila rangi peke yake, na nyekundu na nyeusi zifue mara mbili. Chumvi na siki mnazoshauriana kwenye maoni hazishiki rangi ambayo kiwanda hakikuishika. Njia ya kuhakikisha ni hii: chukua kitambaa cheupe kilicholoa, laza juu ya kanga, piga pasi ya moto kwa sekunde kumi. Kikitoka na doa la waridi, rudi kwenye beseni. Kikitoka cheupe, kata.

Na kukata ndiko kuliko na biashara yote. Kanga ina pindo, ina mji, yaani mchoro wa katikati, na ina jina, yaani yale maneno. Mteja wa hapa, awe mswahili au mzungu, analipia jina. Na kanga moja ina jina moja. Doti yenye kanga mbili itakupa foronya mbili zenye maneno, basi.

Tupige vipimo. Kanga dukani ni kama sentimita 150 kwa 110, na ikishafuliwa tuseme imebaki 145 kwa 105. Foronya ya 45 kwa 45 yenye mgongo wa bahasha, usio na zipu, inataka mbele 47 kwa 47 na nyuma vipande viwili vya 47 kwa 32. Kila kipande cha nyuma kinakunjwa sentimita 3, vikilaliana unapata kama sentimita 11 za kupandana. Chini ya hapo mto unachungulia. Pangilia upendavyo: kanga hiyo itatoa foronya mbili na vipande, haitoi tatu. Moja ina jina, nyingine ina mji au pindo tu. Kwa hiyo bei ya nguo usiigawe nusu kwa nusu, yenye jina ibebe zaidi.

Kosa linaloua watu ni kutopima kisanduku cha jina. Majina mengi ni marefu kuliko sentimita 45. Unakata, unajikuta na nusu ya methali. Jina refu lipe mto mrefu, wa 40 kwa 60 au 30 kwa 70. Na soma jina kabla ya kununua! Kuna mafumbo ya wake wenza pale ambayo hutaki yakae sebuleni kwa mtu aliyenunua kama zawadi ya harusi. Mteja akiuliza maana, mwandikie maana ya kweli.

Haya, hela. Hizi ni namba za mfano, weka zako. Foronya moja unaiuza pauni 24, posta ikiwa ndani. Nguo 3, uzi na lebo 0.80, bahasha 0.70, posta 3.50. Hiyo ni 8. Kwenye Etsy, lile soko la mtandaoni, kuna asilimia 6.5 ya mauzo, pauni 1.56. Malipo yanakatwa asilimia 4 na peni 20 juu, 1.16. Kuweka bidhaa ni senti 20 za dola, kama 0.16. Jumla 2.88. Unabaki na 13.12, na hapo sijaweka VAT ya juu ya ada na vimakato vingine vidogo. Mteja akija kupitia tangazo lao la nje, wanachukua asilimia 15 zaidi, yaani 3.60, unabaki na 9.52.

Sasa weka saa. Kufua, kupiga pasi, kukata, kushona, kupiga picha, kufunga: moja moja inakula dakika 75. 13.12 kwa dakika 75 ni pauni 10.50 kwa saa. Kima cha chini cha mshahara hapa Aprili 2025 kilikuwa 12.21. Umeona? Aliyepanga bidhaa dukani kakuzidi. Dawa yake ni kufanya kwa mafungu: fua kanga nne siku moja, kata nane kwa mkupuo, kunja migongo yote, ndipo ushone. Ukishusha hadi dakika 50, unafika 15.74 kwa saa. Kwa hiyo wale wanaotaka "bei ya undugu", tafadhali. Undugu naupenda, lakini pauni 10 mnazonipa zinalipia nguo na posta, mikono yangu hamjailipa. Nimelisema mara nyingi na bado kila Desemba ujumbe unaingia.

Kodi kwa kifupi. Mwaka wa kodi ni 6 Aprili hadi 5 Aprili. Mauzo yakipita pauni 1,000, nasema mauzo na siyo faida, unajisajili HMRC, mamlaka ya kodi ya hapa, kabla ya 5 Oktoba inayofuata na kuwasilisha ritani mtandaoni kabla ya 31 Januari. Msidhani hamuonekani. Tangu 2024 majukwaa yanakusanya taarifa za wauzaji na kuzipeleka HMRC, ukifikisha mauzo 30 au takriban euro 2,000 kwa mwaka. Ukifanyia kazi nyumbani kuna kiwango rahisi cha kutoa kama gharama: saa 25 hadi 50 kwa mwezi ni pauni 10, hadi 100 ni 18, zaidi ya hapo 26. Ukichagua punguzo la jumla la pauni 1,000 badala ya gharama zako, gharama hizi huzitoi tena.

Nyumba. Hapa ndipo wengi hawaniamini. Kanga inanyonya harufu. Kaanga samaki nguo ikiwa wazi sebuleni, mteja wa Scotland atafungua bahasha apate vibua. Weka kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, mbali na jikoni, na usilisukumie ukuta wa nje, maana kipindi cha baridi ukuta ule unatoa unyevu na ukungu ukiingia kwenye pamba hautoki. Cherehani iwekee mkeka mnene wa mpira chini, maana mtetemo unashuka kwa jirani, na saa tatu usiku zima. Soma mkataba wa kupanga, mwombe mwenye nyumba ruhusa kwa maandishi. Bima ya kawaida ya vitu vya ndani mara nyingi haigusi mzigo wa biashara, piga simu uulize. Picha piga dirishani, taa ya dari ikiwa imezimwa, kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Desemba London jua linazama kabla ya saa 10 jioni, na kwenye mwanga wa taa, rangi nyekundu ya kanga inageuka chungwa, mteja anarudisha. Ana siku 14 za kubadili mawazo akishapokea, hiyo ni haki yake.

Vipande vinavyobaki vinamvuta mtu kwenye miradi ya pembeni. Bendi za nywele, sawa. Bendera za kupamba sherehe, sawa. Mwanasesere wa kanga, hapo simama. Mwanasesere ni kitu cha kuchezea mtoto, kina sheria yake ya usalama: kuvutwa macho yasing'oke, kuwaka moto, kemikali za rangi. Lazima kipimwe kwa viwango vya EN 71 na kiwe na alama. Kuandika "ni pambo tu" hakukuokoi kama sura yake inamwita mtoto. Na mto uliokwisha kujazwa, kijazo chake lazima kiwe kinatimiza sheria ya moto ya 1988. Ndiyo maana wengi wetu tunauza foronya tupu.

Mwisho, jina la biashara. Mombasa wanajua: mnunuzi wa kanga anageuza ukingo kutafuta "K.H.E. Mali ya Abdulla", alama ya Kaderdina Hajee Essak. Herufi ndogo tu kwenye pindo, lakini mama hachukui nyingine. Hiyo ndiyo chapa. Wewe unataka lebo ya kitambaa yenye jina fupi, ishonewe ndani ya mshono wa kushoto, kila bidhaa mahali palepale.

Epuka jina lenye ng', kile kikoma hakiingii kwenye anwani ya tovuti wala kwenye alama ya reli. "Kanga" tupu huwezi kuisajili, ni jina la bidhaa. Mwaka 2006 kampuni moja ya hapa iliomba kumiliki neno "kikoy", watu wakaweka pingamizi, ikashindikana. Na Disney walisajili "Hakuna Matata" Marekani kwa fulana mwaka 2003. Kwa hiyo tafuta kwanza kwenye rejista ya alama za biashara. Unapoomba chagua madaraja sawasawa: 18 ni mabegi, 20 mito, 24 foronya, 25 nguo. Kukata kanga halisi uliyoinunua ni jambo moja. Kupiga picha mchoro wake ukachapa kwenye vikombe ni kazi ya mtu umeichukua. Methali ni yetu sote, mchoro una mwenyewe.

Kwenye ankara jina lako halisi lazima liwepo pembeni ya jina la biashara, na sheria inataka anwani ionekane kwa mteja. Kama hutaki wageni wajue mlango wako, lipia anwani ya kupokelea barua kabla hujafungua duka, maana ikishachapishwa hairudi.

Haya ni ya kwangu na mazingira yangu, wewe una yako, usije ukaacha kazi kesho ukasema dada alisema. Na nyie wa nyumbani mnaotaka kuniuzia kanga, picha ya kupendeza hainitoshi. Laza futi kamba juu ya jina, mwanzo wa kisanduku hadi mwisho, piga picha hiyo. Halafu chomoa nyuzi mbili, moja kila upande, zichome, nitumie picha ya sahani.