Tufanye pamoja swali moja gumu la LSAT

Habari zenu ndugu zangu. Mmekuwa mkiniuliza sana kuhusu LSAT, mtihani wa kuingia shule ya sheria huku Marekani. Badala ya kuusimulia, leo tufanye swali moja pamoja. Shikeni kalamu.

Kwa kifupi tu kwanza. Kwetu Tanzania kijana akimaliza kidato cha sita anaweza kwenda moja kwa moja kusoma shahada ya sheria. Huku unamaliza kwanza shahada nyingine, hata ya uhasibu au uuguzi, ndipo unaomba shule ya sheria ya miaka 3. Alama za LSAT ni kuanzia 120 hadi 180. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na vitu yameondolewa, na sehemu mbili kati ya tatu zinazohesabiwa ni za hoja. Kila sehemu ni dakika 35 kwa maswali kama 25 hivi, na hakuna hata moja linalokuuliza kifungu cha sheria.

Haya, swali hili nimelitunga mwenyewe kwa mtindo wao. Sikilizeni:

"Katika magofu ya mji wa kale ulio bara, mbali na bahari, kumepatikana chungu ambacho udongo wake umechanganywa na makombe ya baharini yaliyosagwa. Makombe hayo hayapatikani bara. Kwa hiyo chungu hicho kilifinyangwa pwani, kisha kikapelekwa bara."

Hoja hii inategemea dhana gani, yaani jambo gani ambalo mwandishi amelichukulia kuwa kweli bila kulisema? A: wafanyabiashara wa pwani walikuwa matajiri. B: vyungu vyote vya pwani vilichanganywa na makombe. C: watu wa bara walivipenda zaidi vyungu vya pwani. D: wafinyanzi wa bara hawakuwa wakiletewa makombe kutoka pwani ili wayachanganye kwenye udongo wao. E: mji ule haukuwa na wafinyanzi.

Simamisha video, chagua.

A na C wekeni kando. Utajiri na mapenzi ya wateja havituambii chungu kilifinyangwa wapi. Wengi hunaswa na B na E, kwa hiyo hapa twende polepole.

B inavutia kwa sababu inataja pwani na makombe kwa pamoja. Lakini inaelekea upande usiofaa. Tuseme nusu ya vyungu vya pwani havikuwa na makombe. Je, hoja imeanguka? Hapana, hiki kimoja bado kinaweza kuwa cha pwani.

E ndiyo mtego wenyewe. Ni kweli, kama mji haukuwa na wafinyanzi, mwandishi angefurahi. Ila hatujaulizwa nini kingemsaidia. Tumeulizwa nini hoja yake haiwezi kusimama bila hicho. Mji ungeweza kujaa wafinyanzi kila mtaa, na chungu hiki bado kikawa kimetoka pwani.

Sasa ikanushe D: wafinyanzi wa bara walikuwa wakiletewa makombe na kuyachanganya. Umeona kinachotokea? Ushahidi wote uliobaki ni makombe, na makombe yamesafiri peke yake, bila chungu. Hitimisho halina tena pa kukaa. Jibu ni D. Kanusha, halafu tazama kama hoja inaporomoka: hiyo ndiyo kazi ya kufanya kila unapoulizwa dhana ambayo hoja inaitegemea.

Na hili nalisema kwa kuwa linanigusa sana. Sisi tuliozoea mitihani ya kwetu, tukiona makombe na pwani tunaanza kumwaga historia yote: Kilwa, misafara, pembe za ndovu. Ujuzi huo ni mzuri, lakini hapa unakuponza, maana unaziba pengo la hoja kabla hujaliona. Baki na sentensi zilizoandikwa pale tu. Uliza: kutoka ushahidi hadi hitimisho, mwandishi ameruka wapi?

Kwa mazoezi, fungua akaunti ya LawHub, tovuti ya hao hao wanaotunga mtihani. Kuna majaribio ya bure. Mwanzoni zima saa, soma taratibu, andika kwa maneno yako kwa nini kila jibu baya ni baya. Kasi itakuja baadaye.

Kazi ya wiki hii ndiyo hii: chungu ni kile kile, swali limegeuka. Ni habari gani mpya, ukiiongeza, itaidhoofisha hoja? Msichague, tungeni wenyewe, mniandikie hapo chini. Video ijayo nitazichambua moja moja.