Dereva wa Basi Anayesomea Umeme: Jibu kwa Mwalimu wa Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Leo hamnioni ndani ya sebule yangu ya Coventry, na wala simu sikuiegemeza juu ya birika kama kawaida. Nipo Wete, Pemba, barazani kwa mzee wangu, na makelele mnayoyasikia nyuma yangu ni ami yangu anayetoboa ukuta wa jikoni. Nimepewa likizo ya wiki tatu, na wiki ya kwanza imekwenda yote katika waya.

Video hii ni jibu la barua ndefu niliyoandikiwa na mwalimu mmoja wa skuli ya Chake Chake, hapa hapa Pemba. Ana umri wa miaka 34, ana mke na watoto, anaipenda kazi yake ya ualimu na hataki kuiacha mpaka awe na hakika ya nyingine, lakini anataka kuwa fundi umeme. Ameona kwamba mimi ni dereva wa basi na huku nasomea umeme, basi akaniuliza kama masomo ya jioni yanatosha. Mwalimu wangu, yanatosha kukupa cheti. Mikono ya ufundi inatengenezwa mchana, na mchana ndio uliokwisha kumuuzia mwajiri wako. Nitaeleza yaliyonikuta mimi, kisha nitarudi kwako, kwa sababu nadhani hali yako wewe ni nyepesi kuliko yangu katika jambo moja na ni nzito katika jingine.

Nilianza mwezi wa Septemba 2022 katika chuo cha mtaani kwetu, daraja la 2 la diploma ya shirika la Uingereza la vyeti vya ufundi, City & Guilds ya ufungaji wa umeme, Jumatatu na Jumatano, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu usiku. Kazini nilikuwa naripoti karakana ya mabasi saa kumi na nusu alfajiri na kutoka saa saba na nusu mchana. Kila niliyemhadithia alinionea huruma kwa sababu ya hizo Jumatatu na Jumatano, kumbe siku hizo zilikuwa rahisi, kwani nilikuwa napata saa mbili za kulala mchana kabla ya kwenda darasani. Zilizokuwa zikinimaliza ni Jumanne na Alhamisi, siku za baada ya darasa, ambapo mtu aliyeingia kitandani saa nne na nusu usiku anatakiwa alfajiri ashike usukani wa basi lililojaa watu. Dereva hana ruhusa ya kusinzia. Baada ya mwezi mmoja nilimwendea msimamizi wa zamu nikamweleza kila kitu, na ombi langu halikuwa kupunguziwa kazi siku za darasa, bali kupewa zamu ya mchana kesho yake tu. Alikubali. Kwa hivyo, mwalimu, unapopanga ratiba yako, anza kwa kuitazama asubuhi inayofuata.

Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza mwezi wa Machi, na siku za mwanzo magharibi ya Coventry ilikuwa inaingia dakika chache tu baada ya mwalimu kumaliza kuita majina. Nilikuwa nafungua kwa tende mbili na chupa ya maji ukumbini, nasali chini ya ngazi, kisha narudi kwenye kibanda changu cha mbao nilichopewa nikifungie taa na soketi. Hapo nilikuwa nimekwishaingia daraja la 3, ambalo linahusu zaidi hesabu, upimaji na kutafuta hitilafu. Hesabu zenyewe si za kutisha. Mtu aliyesomesha hesabu za skuli, kama wewe, atazipitia akiwa anaimba. Mimi ambaye mara ya mwisho kuzishika nilikuwa kidato cha nne ilinibidi nianze tena kwenye sehemu na desimali.

Kuna mtihani mmoja ambao watu wanaudharau, nao ni wa kanuni za ufungaji, BS 7671, toleo la 18. Una maswali 60 ya kuchagua, muda wake ni saa 2, na unaruhusiwa kuingia na kitabu chenyewe. Ndugu zangu, kitabu kile ni kama msitu. Anayeingia akitegemea kuyatafuta majibu humo ndani atatoka muda umekwisha akiwa katikati. Nilijifunza kukifungua kwa mazoea, kama mtu anavyoujua msahafu wake, kwamba jedwali la waya lipo mkono huu na habari za vyoo na mabafu zipo mkono ule.

Sasa nifike mahali penye uzito. Kule Uingereza, ukishapata vyeti hivyo vyote bado huhesabiwi kuwa fundi kamili. Unatakiwa upate NVQ ya daraja la 3, ambayo haisomwi darasani. Unajaza jalada la ushahidi wa kazi ulizofanya katika majengo ya kweli: picha, vipimo, maelezo, na saini ya fundi aliyekuwa akikusimamia. Baada ya hapo ndipo unakwenda kwenye mtihani wa vitendo uitwao AM2, ambao unachukua siku mbili na nusu hivi, unafunga mitambo, unaikagua, kisha unatiliwa hitilafu kwa makusudi na kuambiwa uzitafute. Mimi nilidhani shida ni kusoma. Nilipomaliza kusoma ndipo nilipogundua kwamba hakuna fundi anayefanya kazi zake usiku ili anisubiri mimi niteremke kwenye basi.

Katika kipindi hicho nilikaribia kufanya kosa kubwa. Kampuni moja ya mafunzo ilinipigia simu ikaniahidi kunifanya fundi katika wiki chache, kwa zaidi ya pauni 7,000, zilipwe kwa mkopo. Niliuliza swali moja tu, kama bei hiyo ina ndani yake mahali pa kufanya kazi na mtu wa kunisimamia, na yule bwana akaanza kunieleza uzuri wa begi la vifaa nitakalopewa zawadi. Nilikata simu. Wapo wenzangu hawakuuliza, na mpaka leo wanalipa mkopo huku begi likiwa chini ya kitanda.

Kilichonisaidia ni msikiti. Kulikuwa na fundi mmoja tunayesali pamoja, mtu wa makamo, mwenye shughuli ya ufundi wa majumbani, na nilimwomba nimfuate kila Jumamosi na katika siku zangu zote za likizo bila malipo. Alinitazama miaka yangu, nilikuwa na 38 wakati huo, akaniambia kwamba atanichukua ikiwa nitakubali kubeba ngazi na kufagia kama kijana wa miaka 16. Nilikubali. Jumamosi moja baada ya nyingine, jalada linajaa polepole, na hiyo AM2 sijaifanya. Ndiyo maana bado najiita dereva anayesomea umeme, na nakuombeni msiniandikie mniite injinia.

Hapo ndipo hali yako, mwalimu, ilipo nyepesi kuliko yangu. Pemba ukimwendea fundi ukamwambia nipokee, mara nyingi utapokewa, na skuli ikifunga una wiki nzima za kufuatana naye. Ami yangu huyu anayetoboa ukuta alijifunza hivyo hivyo, zama ambazo Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha, miaka mingi kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga haujafika mwaka 2010. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na namuona anapitisha waya ndani ya paipu yenye kona tatu kwa upesi ambao mimi sitaufikia. Kwa upande wa darasa, nenda mwenyewe ukaulize katika kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, na kile cha Daya Mtambwe kama kwako ni karibu, waulize ratiba zao na masharti yao. Usitegemee video zangu, wala za mtu mwingine yeyote.

Na hapa ndipo ilipo nzito. Kwetu fundi anasifiwa kwa taa kuwaka. Taa ikishawaka, kazi imekwisha, anapewa chai yake na anaondoka. Darasani tulifundishwa kwamba kabla ya kuwasha kuna vipimo, na kabla ya kugusa waya kuna kujithibitishia kwamba umeme haupo. Unazima mein swichi, unaitia kufuli, ufunguo unautia mfukoni mwako, unakijaribu kipimo chako kwenye umeme unaojua kwamba upo, unapima waya zako zote, wa moto na niutro, wa moto na ardhi, niutro na ardhi, kisha unarudi kukijaribu kipimo kwa mara ya pili kwa sababu huenda kimekufa mkononi mwako katikati ya kazi. Upande wa mita, hiyo ni mali ya Shirika la Umeme, lakiri yake haiguswi.

Ami aliponiona nikifanya hayo siku ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Yeye ana testa ya bisbisi, ile yenye kitaa kidogo ndani ya mpini, anaigusisha, anaweka kidole nyuma, basi. Nilimweleza kwa adabu kwamba kitaa kile kinawaka kwa umeme unaopita katika mwili wake mwenyewe, na kwamba kikikataa kuwaka kwa sababu umevaa viatu vikavu juu ya ngazi ya mbao, hakikuambii kwamba waya hauna umeme. Akanijibu kwamba imemlinda miaka zaidi ya thelathini. Kumjibu mtu mzima neno kama hilo ni kazi, nikanyamaza, nikaendelea kupima.

Jambo lililomfanya aache kucheka ni fito ya ardhi, kile chuma kinachopeleka udongoni umeme uliovuja. Nyumba hii, kama nyumba nyingi za hapa, ina fito moja iliyopigwa chini nyuma ya jiko. Nilipima ukinzani wake na udongo nikapata omu 50. Nikamwandikia kwenye ukuta usiopakwa rangi: ikiwa waya wa moto utagusa bati la friji, volti 230 ugawe kwa 50 unapata ampea 4.6, na swichi inayolinda soketi hizi ni ya ampea 32. Haitakatika. Friji itabaki na umeme mwilini, inangojea mtoto aje na mkono uliorowa. Kinachokata kwa uvujaji mdogo namna hiyo ni kile kifaa ambacho mafundi wanakiita kwa herufi zake tatu, RCD, chenye kukata kwa miliampea 30, na nyumba hii haikuwa nacho. Nanyi mlio Unguja upande wa maweni, Paje na Makunduchi, ambako jembe likishuka kidogo tu linagonga jiwe, msitarajie hata hizo omu 50 kwa fito moja fupi.

Juzi tuliitenga sakiti ya jikoni, tukachomoa kila kitu kilichochomekwa, nikaunganisha mega, mashine ya kupima kama ganda la waya linavujisha umeme, nikapeleka volti 500 kati ya waya na ardhi. Kanuni niliyoisomea inataka ukinzani wa ganda hilo usipungue megaomu 1. Mega ikaandika 0.3. Ami akasema mashine mbovu. Tukapima sakiti ya vyumbani, ikaandika zaidi ya 200, akanyamaza. Tulikwenda soketi baada ya soketi, tukigawa sakiti nusu kwa nusu, mpaka tukabakiwa na kipande cha ukuta nyuma ya kabati la vyombo, na leo asubuhi tumekichimba. Ndani yake kuna waya mbili zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, zikafunikwa plasta, na bomba la maji linapita chini yake. Aliyefanya hivyo simtaji. Nyumba hii imepita mikononi mwa mafundi wengi, na ami mwenyewe anasema huenda akawa ni yeye.

Hayo makelele yamekwisha, maana yake ananisubiri tuvute waya mpya. Ameniuliza mara mbili tangu asubuhi kama mega hii inatumia betri za kawaida zinazopatikana madukani Wete. Inatumia betri za kawaida, ndogo, na Ijumaa ana kazi Mtambwe.